Nyutrino ndo ina shida au ni kwaki za ndani ya chuma? Kesi ya NuTeV

Kuna kesi moja ya fizikia naipenda kuliko zote maana imepita miaka zaidi ya 20 haijafungwa vizuri, na kila ukimuuliza mtu anakujibu kama vile yeye aliimaliza jana. Ni ya NuTeV, jaribio lililofanyika Fermilab karibu na Chicago, data zikakusanywa 1996 na 1997, matokeo yakatoka mwishoni mwa 2001. Jamaa walielekeza nyutrino (chembe ndogo mno zisizo na chaji, ambazo ni nadra kugusa kitu) kwenye mtambo wa mabamba ya chuma wa tani 690, wakahesabu migongano, wakapata namba 0.2277 (ni mraba wa sine ya pembe ya Weinberg, nitaieleza hapo chini) wakati Modeli Sanifu, yaani nadharia kuu ya chembe na nguvu zake, ilikuwa inasema 0.2227. Utasema sasa hiyo nayo tofauti gani, tarakimu ya tatu huko, ila vipimo vya maabara zingine vilikuwa vimeshaibana hiyo namba kiasi kwamba ukikokotoa unapata sigma 3, yaani kwa bahati tu ingetokea kama mara 1 katika 370.

Tuangalie walivyopima kwanza maana ugomvi wote uko hapo. Nyutrino ikigonga kwaki, yaani chembe ndogo zinazounda nukleoni (nukleoni ni jina la ukoo tu, protoni na nyutroni wote wamo), ama inageuka myuoni, ndugu mzito wa elektroni, ama inabaki nyutrino vilevile na kuondoka zake kimya kimya. Sasa myuoni ni mtembezi, inapenya chuma mita nyingi na kuacha alama ndefuu. Ile iliyobaki nyutrino haiachi alama yoyote, unachoona ni vipande tu vya nukleoni iliyopigwa, mchirizi mfupi umeisha. Kwa hiyo kazi nzima ni kugawa mafungu mawili, marefu na mafupi, matukio kama milioni 1.62 ya nyutrino na kama 350,000 ya antinyutrino, halafu uwiano ndo unakupa pembe ya Weinberg, ile inayosema nguvu dhaifu na ya sumaku-umeme zimechanganyika kiasi gani. Kuna mtego hapo, nyutrino za elektroni, aina nyingine iliyochanganyika humo kidogo, nazo zikigonga zinatoa elektroni ambayo inazimika mapema, kwa hiyo zinajichanganya kwenye mafupi na ilibidi zikadiriwe na kutolewa. Ningekuwa mimi hiyo ndo ingeninyima usingizi. Mwisho wa hesabu mafupi yakawa pungufu kuliko ilivyotegemewa.

Ni kama unanunua mahindi, kilo zilizoandikwa na kilo za mzani hazilingani. Mzani mbovu, au gunia lina unyevu?

Upande wa kwanza walisema tatizo ni nyutrino yenyewe, inashikana na chembe ya Z (mojawapo ya chembe zinazobeba nguvu dhaifu) kidogo kuliko tulivyofundishwa, maana yake kuna fizikia mpya. Na hawakuwa wanaota. Pale CERN mashine ya LEP ilikuwa imehesabu aina za nyutrino kwa kuangalia Z inavyovunjika, ikapata 2.9840 na mashaka ya 0.0082, kidogo chini ya 3. Maabara mbili, bara mbili, mbinu tofauti kabisa, zote zinasema nyutrino inazembea kwa Z. Kiukweli nilivyokutana na hiyo mara ya kwanza nilisisimka.

Halafu hiyo nguzo ikaanguka. Mwaka 2019 na 2020 watu walirudi kwenye hesabu za LEP wakakuta kwamba makundi ya elektroni na positroni (pacha wa elektroni mwenye chaji chanya) yanapopishana yanavutana, na zile chembe zilizokuwa zinatumika kuhesabu migongano zilipinda kidogo tu, kidogo kabisa, zingine zikapita nje ya kipimo. Ukirekebisha hilo, pamoja na kutumia hesabu mpya ya nadharia ya migongano hiyo, unapata 2.9963, na mashaka 0.0074. Yaani tatu. NuTeV akabaki shahidi pekee.

Upande wa pili wanasema gunia. Sio nyutrino, ni kwaki ndani ya nukleoni hatuzijui vizuri. Hesabu ya NuTeV iliegemea vitu vinavyoonekana salama: kwamba kwaki ya u ndani ya protoni inaishi sawasawa na ya d ndani ya nyutroni (u na d ndo aina mbili za kawaida), na kwamba kwaki ngeni, aina ya tatu iliyo nzito zaidi, na antikwaki zake zimegawana mwendo sawa. Hilo la kwaki ngeni lilipimwa baadaye kwa matukio yenye myuoni mbili, ikaonekana utofauti mdogo unaoelekea upande wa kupunguza tatizo, ila hautoshi kulimaliza.

Hoja ninayoiona nzito ni chuma chenyewe. Tangu 1983 kikundi cha EMC pale CERN kilionyesha kwamba kwaki ndani ya chuma haziko sawa na ndani ya deuteri (hidrojeni nzito, kiini chake ni protoni moja na nyutroni moja), zile zinazobeba sehemu kubwa ya mwendo ni chache. Watu walishangaa sana, maana nukleoni ndani ya kiini imefungwa kwa nishati ya MeV 8 hivi tu (MeV ni kipimo cha nishati) wakati uzito wake kwa kipimo hichohicho ni 938, nani angedhani kamba nyembamba hivyo itagusa kwaki huko ndani? Sasa chuma kina protoni 26 na nyutroni 30. NuTeV walirekebisha zile nyutroni za ziada, sawa, ila walirekebisha idadi. Mwaka 2009 Cloët, Bentz na Thomas wakasema nyutroni za ziada zinatengeneza uga unaosukuma kwaki za u na d tofauti ndani ya kila nukleoni, hata zile protoni, na modeli yao ikameza sehemu kubwa ya tofauti.

Mimi niko upande huu, ila sio kwa raha. Maelezo yote haya yalikuja baada ya jibu kujulikana, na ukijua unahitaji kushusha namba ni rahisi mno kukuta kila sababu unayoishika inashusha. Marekebisho yanayopandisha nani aliyatafuta kwa bidii hiyohiyo? Na modeli ni modeli, haijawa kipimo. Upande wa fizikia mpya angalau walikuwa na dai moja linaloweza kukataliwa, na limekataliwa kwa kiasi kikubwa.

Na hii sio kesi ya kumbukumbu tu. Jaribio la DUNE linalojengwa litatuma nyutrino kutoka Fermilab hadi South Dakota, kilomita 1,300, zigonge argoni. Argoni ina protoni 18, nyutroni 22. Nyutroni za ziada tena.