Sarafu ya kale ikigeuka rangi, isuguliwe au iachwe?

Ukirithi sarafu ya kale hapa Tabora, mtu wa kwanza kumwonyesha atakuambia uisugue. Atakutajia ndimu na majivu, ukwaju, dawa ya meno, hata stilwaya ya kusugulia sufuria. Upande wa pili wapo wakusanyaji wachache wanaosema usiiguse kabisa, na ukiwauliza sababu wengi hujibu kwa mkato kwamba ndivyo inavyotakiwa. Jibu hilo halimshawishi mtu. Ndiyo maana wanaonekana ni watu wa kujidai, wanaosifia uchafu kwa kuwa mnunuzi wa ng'ambo anausifia. Mimi naona hoja yao haijaelezwa vizuri, na mji huu una sababu kubwa ya kuielewa.

Sababu yenyewe ni heller 20 za mwaka 1916, sarafu ndogo za enzi ya Mjerumani zilizogongwa hapahapa Tabora. Kisa chake kinajulikana: ni wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, meli za kivita za Uingereza zimefunga bahari, sarafu kutoka Ujerumani haziingii, basi serikali ya Kijerumani ikagonga zake kwa mitambo ya karakana ya reli. Zikatoka heller 5, heller 20 na ile ya dhahabu ya rupia 15 yenye tembo, zote na herufi T ya Tabora. Tarehe 19 Septemba mwaka huohuo Wabelgiji wakaingia mjini, na kazi ikaishia hapo.

Heller 20 ziligongwa kwa haraka na kwa madini yaliyopatikana. Nyingine ni za shaba nyekundu, nyingi zaidi ni za shaba ya njano. Mihuri ya kugongea nayo haikuwa ya aina moja. Ipo yenye taji kubwa na yenye taji dogo. Geuza upande wa pili, tazama neno HELLER: kwenye sarafu nyingine ncha za herufi L zimechongoka, kwenye nyingine zimejikunja. Ncha hizo ni ndogo kuliko punje ya ulezi, lakini ndizo anazozitazama mkusanyaji anapotaka kujua sarafu ilitoka kwenye muhuri upi. Karakana ile ilifanya kazi kwa muda mfupi, vita ikiwa mlangoni, na alama hizi ni sehemu ya ushahidi wa jinsi kazi ilivyokwenda.

Sasa pitisha stilwaya juu yake. Kinacholiwa kwanza ni kile kilichoinuka, na kilichoinuka ni taji na herufi. Ncha iliyojikunja inakuwa kijiti. Sarafu itang'aa, mwenyewe atafurahi, lakini hakuna atakayeweza tena kusema ni ya muhuri gani.

Ndimu ina balaa lake. Shaba ya njano ni mchanganyiko wa shaba na zinki, na asidi huiwahi zinki. Ikiisha kuitoa usoni, inayobaki juu ni shaba tupu, yenye wekundu wa waridi. Nimeshika heller moja ya namna hiyo: njano ukingoni, waridi katikati, L zote mbili zimekuwa butu. Aliyeniletea aliamini kwa moyo safi kwamba ni ya shaba nyekundu, kwa sababu baada ya kuoshwa ndivyo ilivyoonekana. Sikumlaumu. Lakini tazama madhara yake yanavyosambaa: atakayeinunua ataihesabu katika kundi lisilo lake, atapiga picha, na picha hiyo itamfundisha mwingine kosa hilohilo. Sarafu moja iliyooshwa vibaya inapotosha watu wengi, na haiwezi kurudishwa ilivyokuwa.

Wanaosugua nao wana hoja, na si za kubezwa. Heller iliyokaa miaka mingi ndani ya udongo au kwenye mkebe huwa nyeusi kiasi kwamba nyekundu na njano hazitofautiani kwa macho. Muuzaji anataka kujua ana nini mkononi, mnunuzi vilevile. Ada ya shule inapodaiwa, mtu hatasubiri mkusanyaji wa mbali avutiwe na weusi. Na kwa rupia ya Mjerumani hesabu ni nyepesi zaidi: ina gramu 11.66, fedha yake ni sehemu 917 kwa 1000, sonara ataweka kwenye mzani na kulipa uzito. Kwake rangi ya juu haina maana yoyote, na kwa biashara yake yuko sahihi.

Ila kwa tatizo la kutambua madini, kusugua si lazima. Mzani uleule wa sonara, unaosoma hadi sehemu ya mia ya gramu, unatosha. Pima sarafu hewani, kisha ifunge kwa uzi mwembamba na uipime ikining'inia ndani ya maji safi bila kugusa chombo. Sarafu ya gramu 10 itapungua karibu gramu 1.12 ikiwa ni shaba nyekundu, na karibu 1.18 ikiwa ni ya njano. Ikaushe kwa kuigandamiza na kitambaa laini, usiifute. Mkoa wenye wanunuzi wa dhahabu haukosi mizani ya namna hiyo.

Tuje kwenye sarafu za fedha, ambako ndiko uzuri wenyewe uliko. Salfa iliyomo hewani, kwenye karatasi duni, kwenye raba na sufu, huungana na fedha na kujenga utando juu yake. Utando huo unene wake hupimwa kwa makumi ya nanomita tu, na nanomita moja ni sehemu ya milioni ya milimita. Mwanga unaorudi kutoka juu ya utando hukutana na ule unaorudi kutoka chini yake, rangi nyingine zikafutana na nyingine zikabaki. Kadiri utando unavyonenepa rangi hupangana: njano hafifu, dhahabu, wekundu wa zambarau, buluu, kisha duru ya pili ambamo kijani hujitokeza. Mwisho ni weusi. Hakuna rangi iliyopakwa hapo. Na fedha iliyomo ndani ya utando ni fedha ya sarafu yenyewe, kwa hiyo ukiuondoa kwa dawa umeondoa ngozi ya sarafu.

Mpinzani atasema, tena kwa haki, kwamba hata huo utando ni ulikaji, na ukiachwa unenepe hadi weusi utaharibu sura. Ni kweli. Ataongeza kwamba magadi soda na karatasi ya alumini katika maji moto huigeuza ile salfa na fedha ikarudi kuwa fedha. Hilo nalo ni kweli, ila inayorudi hairudi katika mpangilio wake wa kwanza. Uso hubaki umefifia, umekosa ule mng'ao wa kugongwa. Tatizo zito zaidi kwa upande wangu ni walaghai wanaochoma sarafu au kuifukiza salfa ili ipate rangi za bei. Mpangilio wa rangi husaidia kuwanasa: rangi zikirukana ovyo, au buluu ikasimama ghafla kando ya fedha nyeupe bila njano wala wekundu katikati, shuku.

Picha nazo zimechangia ulaghai. Rangi hizi huonekana pale tu mwanga unapodunda moja kwa moja hadi kwenye lenzi, hivyo mpigaji huinamisha sarafu mpaka iwake. Hakuna ubaya, mradi atoe na picha ya pili sarafu ikiwa imelala, na asiongeze rangi kwenye simu. Mwanga wa dirishani unatosha; flashi izimwe.

Kutunza ni kazi ndogo. Shika ukingo, si uso. Epuka mifuko ya plastiki laini yenye harufu kali, kwani ndiyo huacha utelezi wa kijani. Huo uondolewe kwa kiyeyushi cha asetoni safi, mahali penye hewa na mbali na moto, na rangi ya fedha haitaguswa. Wenzetu wa Kigoma, kwa unyevu wa ziwani, waweke ndani ya mkebe vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya.

Rupia iliyokwisha kutobolewa au kuchomelewa kikuku cha kidani ni jambo jingine. Mkusanyaji hana dai juu yake. Bibi aliyeivaa tangu harusi yake aing'arishe kila sikukuu akipenda.