MRI kwa mgongo uliopinda: diski inaonekana, pembe inakudanganya

Hapa Dar siku hizi mgongo ukisumbua kidogo tu utasikia "kapige MRI" (picha za ndani ya mwili zinazopigwa kwa sumaku), na ukiwa umepinda ndo kabisa, mzazi mwenye mtoto ambaye bega moja limepanda anaambiwa na ndugu zake kama hajapiga MRI hajapima kitu. Wengine wanabisha, hiyo ni kula hela za watu tu, eksirei inatosha. Mi naona wote wameshika nusu, maana hivi vipimo viwili vinajibu maswali tofauti.

Skoliosisi, yaani mgongo kupinda kwa upande, inapimwa kwa pembe ya Cobb, yaani pembe kati ya pingili iliyoinama zaidi juu ya kona na iliyoinama zaidi chini yake, njia iliyopo tangu 1948, na eksirei yenyewe inapigwa mtu kasimama. Digrii 10 kwenda juu ndo inahesabika ugonjwa, mtoto anayekua akiwa na 25 hadi 40 hivi anavalishwa korseti ngumu, ikipita 45 au 50 upasuaji unaanza kutajwa. (Na begi la shule halileti skoliosisi, tuwaache watoto wapumue.) Sasa MRI unapigwa umelala chali. Ukilala uzito wa mwili unatoka, mgongo unajinyoosha kidogo na pembe inapungua, kwa hiyo mtu aliyelipa laki kadhaa ili ajue mgongo umepinda kiasi gani kapewa jibu pungufu kuliko la eksirei ya bei chee.

Lakini eksirei haioni diski, ule mto laini kati ya mifupa ya mgongo, inaona nafasi tu kati ya pingili na pingili. MRI inaona maji yaliyomo ndani. Kwenye picha zinazoitwa T2 diski yenye afya ina kiini cheupe kinang'aa, ikichoka inakuwa ya kijivu, halafu nyeusi, mwisho inabonyea kabisa, na madaktari wanaipa gredi 1 mpaka 5 kwa kipimo cha Pfirrmann cha mwaka 2001. Mgongo ukipinda unaona na kingine, diski imebanwa upande wa ndani wa kona kama godoro linalolaliwa upande mmoja, na kiini kimesogea upande wa nje. Diski ya mtu mzima karibu yote haina mishipa ya damu, chakula kinapenya polepole kutoka kwenye mfupa wa juu na wa chini yake, ikibanwa miaka na miaka hata hiyo njia inazidi kuwa finyu.

Hela ya MRI inarudi zaidi pale daktari wa upasuaji anapoamua vyuma vya kunyoosha mgongo viishie wapi. Pingili zikishafungwa skrubu diski za katikati zimestaafu, mzigo unahamia kwenye diski ya kwanza chini ya vyuma. Ikiwa bado nyeupe anaweza kuishia hapo juu yake, ikiwa nyeusi anafikiria kushuka pingili moja zaidi, na kila pingili ya kiuno anayoshuka mgonjwa anapoteza sehemu ya kuinama kwake, na kwa binti anayefua kwa beseni chini na kufagia uwanja kwa ufagio wa chelewa hiyo si ishu ndogo hata kidogo.

Tatizo ni ripoti inavyotisha. Mwaka 1994 Marekani walipiga MRI watu 98 ambao mgongo hauwaumi kabisa, na 52 katika kila 100 walikutwa na diski iliyovimba nje angalau sehemu moja. Kwa hiyo ukisoma kwamba diski imekauka usikimbilie kusema ndo inayouma, na daktari anayetibu karatasi bila kumshika mgonjwa mi simwelewi.

Kwa mtoto mwenye skoliosisi ya kawaida, hana maumivu, miguu ina nguvu, mimi ningeiacha MRI kwanza. Ningekimbilia pale kupinda kumeanza kabla ya miaka 10, au kona ya kifuani inaelekea kushoto badala ya kulia, au inaongezeka haraka, au miguu inakufa ganzi, maana hapo unatafuta shida kwenye uti wenyewe, yaani ile neva kuu inayopita ndani ya mgongo. Na kibiongo kilichochongoka pamoja na homa na kukonda huku kwetu ni TB ya mgongo mpaka ithibitike vingine, hapo MRI inaonyesha usaha na uti unavyokandamizwa, usingoje. Mtu mzima ambaye akitembea kidogo tu Kariakoo miguu inawaka mpaka akae naye apige, mara nyingi mishipa ya fahamu imebanwa.

Ukishapiga chukua CD, usiridhike na karatasi. Ukipelekwa MOI (taasisi ya mifupa pale Muhimbili) au kokote mwenye kufanya upasuaji anataka kuhesabu pingili mwenyewe na kuiangalia ile diski ya chini, tena picha za kabla ya operesheni ndo safi, maana vyuma vikishaingia vinavuruga sumaku na diski za jirani zinaonekana kwa shida.