Shamba Moja, Madai Mawili

Lebo ya mvinyo mwekundu inaweza kubeba madai mawili kwa pamoja: kwamba zabibu zote zimetoka shamba moja lenye jina lake, na kwamba shamba hilo linalimwa kwa njia endelevu. Yakikaa pamoja hivyo, msomaji huyameza kama dai moja. Mimi nayaona kama wapangaji wawili wa nyumba moja. Kuna siku wanasaidiana, na kuna siku wanagombania maji.

Tuanze na shamba, maana ndilo lenye sheria iliyonyooka. Marekani, jina la shamba haliandikwi kwenye lebo mpaka asilimia 95 ya zabibu ziwe zimetoka humo. Afrika Kusini, shamba la aina hiyo haliruhusiwi kuzidi hekta 6, na lazima lipandwe aina moja tu ya mzabibu. Hilo ni dai linalokaguliwa. Lakini linakuambia zabibu zilikotoka, basi. Halikuambii kama mvinyo ni mzuri. Clos de Vougeot kule Bourgogne, Ufaransa, ni shamba moja lililozungushiwa ukuta tangu enzi za watawa, lina hekta 50 hivi, na leo limegawanywa kwa wamiliki wapatao 80. Mmoja ana mistari ya mizabibu juu mlimani penye chokaa na maji yanayopita upesi, mwingine yuko chini karibu na barabara, miguu ya mizabibu yake ikilowa. Wote wanaandika jina lilelile.

Wanaotetea shamba moja husema ladha ya mahali haipatikani ukichanganya. Wana ushahidi, hata kama wakati mwingine unachekesha. Heitz, watengenezaji mvinyo wa bonde la Napa, California, walipotoa mvinyo wa mwaka 1966 wenye jina la Martha's Vineyard, wanywaji walikuja kuutambua kwa harufu yake ya mnanaa, na shamba lenyewe limepakana na mikalitusi. Baadaye watafiti wa Australia walipima mashamba ya kwao, wakaona harufu ya mkalitusi iko juu zaidi kwenye mistari iliyo karibu na miti, na kwamba majani yanayoangukia kwenye mavuno huongeza sehemu kubwa yake. Basi wenye kejeli wakapata la kusema: mlikuwa mkisifu udongo, kumbe mnakunywa majani. Kejeli hiyo hainipati. Jirani wa shamba ni sehemu ya shamba, kama ulivyo upepo na kama ulivyo mteremko.

Upande wa pili, wa wanaochanganya zabibu za mashamba mengi, una hoja nzito kuliko inavyokubaliwa. Penfolds Grange, mvinyo unaoheshimika kuliko karibu wote Australia, haukujengwa juu ya shamba moja. Max Schubert, fundi wa mvinyo wa Penfolds, alianza kuutengeneza mwaka 1951 kwa kuchanganya, na tangu hapo haujakosa mwaka hata mmoja: panapoharibika huku, zabibu hutafutwa kule. Lakini Hill of Grace, mvinyo wa familia ya Henschke kutoka shamba moja dogo la mizabibu ya karne ya 19 katika nchi hiyohiyo, haukutolewa mwaka 2000 wala 2011.

Hapo ndipo wapangaji wetu wanapoanza kugombana. Mwenye shamba moja hana pa kukimbilia. Mvua ya mawe ya dakika kumi inaweza kumaliza mwaka mzima. Moshi wa moto wa msitu nao ni hivyohivyo, na kwa mvinyo mwekundu ni balaa zaidi, kwa sababu juisi huchachuka pamoja na maganda, na moshi hukaa kwenye ganda. Kwa sababu ya moshi huo, watengenezaji wengi wa California hawakutoa kabisa mvinyo mwekundu wa mwaka 2020. Ukija mwaka wa mvua nyingi na ukungu ukishika majani, mkulima asiye na zabibu nyingine atapiga dawa mara ngapi ili kuokoa jina lake?

Na dawa ipi? Mkulima wa kilimo hai haruhusiwi kemikali za viwandani za kuua ukungu, kwa hiyo hutegemea salfa na shaba, ule mrututu unaochanganywa na chokaa tangu miaka ya 1880. Shaba haiozi. Inabaki kwenye udongo wa juu, msimu baada ya msimu, na minyoo ya ardhi inaichukia. Umoja wa Ulaya umeiwekea kikomo cha kilo 28 kwa hekta katika miaka 7. Mipango ya kilimo "endelevu" kwa upande wake ni mipana zaidi: inahesabu maji, umeme na wafanyakazi, ila mingi yake haikatazi moja kwa moja dawa za kuua magugu. Ndiyo maana kwenye picha za mashamba mimi huangalia chini ya mizabibu kwanza. Ukanda wa kahawia uliokauka chini ya mashina, huku katikati ya mistari majani ni mabichi, mara nyingi ni alama ya dawa hiyo.

Hata hivyo, sikubali kwamba neno "endelevu" ni rangi ya ukutani tu. New Zealand, zaidi ya asilimia 90 ya eneo la mizabibu liko ndani ya mpango mmoja wa kitaifa wa kilimo endelevu. Alama inayobebwa na karibu kila mtu haimtofautishi yeyote, ni kweli, lakini imewalazimisha wote kuandika wanachopiga na wanachomwagilia. Na mwenye shamba moja ana sababu ambayo mnunuzi wa zabibu za huku na huku hana: akiuchosha udongo ule, amejichosha mwenyewe, kwa kuwa jina haliwezi kuhamia kilima kingine.

Kuna jambo dogo la chupa. Kioo ni mojawapo ya mizigo mikubwa ya kaboni katika mvinyo, na bado wapo wanaojiita endelevu wanaoweka mvinyo wao wa shamba moja, ule wa heshima, kwenye chupa ambayo hata ikiwa tupu inazidi gramu 900. Chupa hiyo ni nzito kuliko mvinyo uliomo. Hapo sina upande wa pili wa kuupima.

Nikilazimika kuchagua dai la kuliamini, nitachukua la shamba, lakini nitalisoma kinyumenyume: natafuta miaka ambayo jina halikutoka. Mkulima anayeweza kuliacha jina kabatini, zabibu zake zikaingia kwenye mvinyo wake wa mchanganyiko, hana haja ya kupiga mrututu mara ya kumi ili aliokoe.