Waini ya vizazi nane imenifanya niwaze zabibu zetu za Dodoma

Mi nimekulia Dodoma, kwa hiyo mzabibu kwangu sio kitu cha kuona kwenye picha. Ba'mdogo ana ekari mbili kule Hombolo na tangu niko darasa la tatu najua kukata kishada bila kuzichubua zabibu, najua nyuki wanavyojaa shambani wiki ya kuvuna, na najua pia ile hali ya kukaa na makreti chini ya mti siku ya pili, siku ya tatu, mnasubiri lori la mnunuzi na lori halitokei, zabibu zinaanza kutoa maji na harufu inageuka kuwa ya siki. Nayasema haya mapema ili mjue nilifika kwenye shamba la waini la Meerlust nikiwa na macho ya namna gani.

Meerlust iko karibu na Stellenbosch, Afrika Kusini, ukitokea Cape Town kwa gari haifiki saa moja. Jina ni la Kiholanzi, maana yake ni kama hamu ya bahari, na ukisimama pale nje unaelewa kwa nini maana upepo wa ghuba ya False Bay unakufikia hadi kwenye mifupa. Shamba lilianzishwa 1693 na Henning Huising, halafu 1756 likaingia mikononi mwa ukoo wa Myburgh na mpaka leo ni lao, Hannes Myburgh ni kizazi cha nane. 1756 jamani! Seyyid Said aliyekuja kuhamishia makao yake Zanzibar alikuwa hata hajazaliwa. Kuna nyumba nyeupe ya chokaa, ya mtindo wa zamani wa Cape, na kuna banda la njiwa la kale ambalo nilizunguka mara mbili kulitazama.

Nilienda mwezi wa saba, kule ni baridi na mvua, mizabibu imepukutisha majani yote imebaki vijiti vyeusi, ukiiangalia unaweza kudhani imekufa. Kumbe imelala. Hilo lilinigusa sana kwa sababu kwetu mzabibu haulali, Dodoma hakuna baridi ya kuulaza, sisi ndio tunauamsha kwa mkasi, tunapogoa mara mbili na tunavuna mara mbili kwa mwaka. Wao ni mara moja tu, kuanzia mwezi wa pili hivi kwenda mbele, zikiharibika hizo basi mpaka mwakani.

Sasa tuje kwenye kuonja. Dada aliyetuhudumia alianza na waini nyeupe, Chardonnay, nzuri, laini, ina kama harufu ya siagi kwa mbali, ikafuata nyekundu, Pinot Noir, ambayo ni nyepesi sana kwa mdomo wangu. Halafu akamimina Rubicon, waini yao nyekundu yenye jina kubwa, na hapo ndipo nilipotulia. Ladha ya kwanza ni zambarau, zile zilizoiva zikawa nyeusi kabisa, na kama zambarau yenyewe inakuachia ule ukakasi kwenye ulimi na fizi, ila ukakasi huu hauchomi, unakaa tu taratibu, halafu nyuma yake kinakuja kitu kama tumbaku kavu na moshi wa kuni. Ukakasi unatoka kwenye maganda na mbegu, ndo maana waini nyekundu inachachushwa pamoja na maganda yake, na hata rangi inatoka humo humo kwa sababu maji ya zabibu nyingi nyekundu ukiyakamua peke yake ni meupe. Baada ya hapo inaingia kwenye mapipa ya mwaloni inakaa humo miezi na miezi mpaka ule ukali ushuke. Nilikunywa polepole sana, sikutaka iishe.

Ila kilichonifanya niandike haya sio ladha peke yake. Rubicon ilianza na mavuno ya 1980, wakati wa Nico Myburgh, baba yake Hannes, akiwa na mtengeneza waini wa Kiitaliano Giorgio Dalla Cia. Walichanganya zabibu za Cabernet Sauvignon, Merlot na Cabernet Franc kwa namna ya Bordeaux kule Ufaransa, wakaipa jina la ule mto ambao Julius Caesar alipouvuka hakukuwa tena na kurudi nyuma. Sawa, majina mazuri wengi wanayo. Lakini kuna miaka, 1985, tena 2002, tena 2011, walivuna, wakatengeneza, wakaonja wakaona hii haijafikia, basi wakakataa kuiita Rubicon! Ikauzwa kwa jina la kawaida, Meerlust Red, kwa bei ya chini. Yaani zabibu ni zao, mapipa ni yao, hakuna mtu angewauliza, na bado walisema hapana. Mi naamini kabisa hiyo inatokana na kwamba kwenye chupa kuna jina la nyumba yao, mtoto na mjukuu watakuja kuulizwa kuhusu chupa hiyo.

Na siwezi kuandika kuhusu umri wa mashamba ya Cape nikaruka hili. Kwa zaidi ya miaka 150 mikono iliyolima mizabibu ya eneo lile ilikuwa ya watumwa, walioletwa kutoka Madagaska, India, visiwa vya Indonesia, na pwani ya Msumbiji, hao wa Msumbiji waliitwa Masbieker. Ni watu wa pwani hii hii yetu. Utumwa ulifutwa 1834 lakini wakalazimishwa kubaki na mabwana zao mpaka 1838 ndio wakatoka huru. Na hata baada ya hapo kwenye mashamba mengi ya Cape kukawa na ule utaratibu ulioitwa dop, mfanyakazi analipwa sehemu ya ujira wake kwa waini, watu wakageuzwa walevi kizazi kwa kizazi. Vizazi nane vya ukoo mmoja tunavijua kwa majina, vya wale waliochimba na kukata matawi hatuvijui. Niliishika ile glasi nikiwaza hilo, na nadhani kila anayeenda kule anapaswa kuliwaza.

Ndio maana narudi Dodoma. Mizabibu yetu ililetwa na wamisionari Wakatoliki kule Bihawana, leo kuna kituo cha utafiti Makutupora, kuna zabibu nyekundu inayoitwa Makutupora yenyewe, kuna zabibu nyeupe ya Chenin Blanc, kuna jua la mwaka mzima. Kuna familia ambazo bibi alipanda, mama akalima na sasa mtoto anavuna, halafu jasho lote linaisha kwenye mzani wa mtu mwingine kwa bei ya kilo na jina linapotelea hapo hapo. Chupa moja inataka kilo moja na kitu kidogo tu ya zabibu. Wapo wachache walioanza kutengeneza wenyewe na nawapongeza kwa moyo wote, lakini mi nataka niione familia ya Hombolo, ya Mpunguzi, ya Mvumi, imeandikwa kwenye lebo, yenye uwezo wa kusema mwaka huu haijafikia, hatuliweki jina letu.

Jioni nilimpigia ba'mdogo. Shikamoo, marahaba, nikamweleza yote, nikamwambia wenzetu wanavuna mara moja tu kwa mwaka na bado wanapata ujasiri wa kuikataa. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza, "Hilo pipa la mwaloni moja linaingia lita ngapi?"

Nikamwambia kama 225.

"Basi mavuno ya mwezi wa nane nitatoa makreti ishirini pembeni," akasema. "Wewe uliza bei ya pipa."