Oili ya Lori Ndani ya Probox

Ndugu yangu ana lori la kubeba kontena. Injini yake humeza lita 36 hivi za oili, naye hununua mitungi miwili ya lita 20. Hesabu inakuacha na lita nne, na Probox yangu ya petroli haili hata nne kamili. Basi kwa miaka mitano sasa salio la lori ndilo linaloendesha gari langu, na ndiyo maana sina budi kusema mapema niko upande gani. Kwenye gereji za Changamwe na Jomvu, hapa Mombasa, jambo hili huzua ubishi kushinda siasa. Huyu anaapa oili ya lori inaua gari dogo, yule anasema hiyo ndiyo oili yenyewe, hizo nyingine ni maji ya kunawia mikono.

Wote wawili hawajaugeuza mtungi wakasoma nyuma.

Wa ndugu yangu umeandikwa 15W-40, na chini yake CI-4/SL. Alama inayoanza na C ni ya injini za dizeli, inayoanza na S ni ya petroli, na kadiri alfabeti inavyosonga ndivyo kipimo kinavyokuwa kipya. CI-4 ilikuja 2002, CK-4 ikaja 2016. SL ni ya 2001, SN ya 2010, SP ya 2020. Kwa hivyo oili hii ya lori ilipimwa kwa petroli pia, kwa kiwango kilichokuwa kipya kabisa Probox ya kwanza ilipoanza kuuzwa Japani 2002. Mtungi wenye C peke yake, bila S yoyote, siutii kwenye gari la petroli hata ukiwa wa bure.

Kuna wanaoiogopa ile 15W, wakisema oili ni nzito asubuhi. Nzito wapi? Namba iliyo kabla ya W inahusu baridi, na 15W hupimwa kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri. Mombasa usiku wa Julai ukishuka hadi nyuzi 20 juu ya sifuri watu tunatafuta sweta. Ile 40 ndiyo ya kuangalia, kwa sababu inaeleza uzito wa oili injini ikishapata moto. Ni nzito kuliko 5W-30, na gari litakunywa petroli kidogo zaidi. Hilo nalikubali na nalilipa. Jambo la pili ni kwamba oili za lori huwa na fosforasi nyingi ya kulinda vyuma visisagane, na fosforasi hiyo ikiungua hudhuru katalisti, kile kifaa cha kusafisha moshi kwenye ekzosi. Gari langu halipunguzi oili kati ya sevisi na sevisi, yaani haliiunguzi. Siku litakapoanza kutoa moshi wa buluu nitaacha.

Sasa nije kwa shemeji yangu, ambaye ndiye aliyenifanya niandike.

Shemeji alinunua gari dogo la dizeli kutoka Japani, la kisasa, kimya kama paka. Akalipeleka gereji fulani kumwagwa oili. Fundi akachota ile ile ya malori. Shemeji alipouliza kama inafaa akajibiwa, "Ami, dizeli ni dizeli." Maneno mazuri, yana hata mdundo. Miezi kadhaa baadaye taa ya njano ikawaka kwenye dashibodi, gari likapoteza nguvu, na mlima mdogo tu ukawa safari.

Magari haya, kama Mazda CX-5 na Demio za dizeli, yana chujio la masizi kwenye ekzosi, lile mafundi wanaloliita DPF. Masizi yakijaa, gari hulipasha moto chujio mpaka yaungue. Lakini oili nayo ina madini ndani yake, na kila tone linaloungua huacha majivu. Anayepikia jiko la makaa anajua tofauti: makaa yanaisha, majivu yanabaki, na usipoyatoa jiko halipati hewa. Chujio la gari huwezi kulikung'uta uani. CI-4 haina kikomo cha majivu. CJ-4 na CK-4 zina kikomo cha asilimia 1. Wajapani wenyewe kwa magari haya madogo wana kipimo chao, DL-1, chenye asilimia 0.6 tu.

Ndipo mambo yalipogeuka kichekesho: gari la petroli linastahimili oili ya lori, na gari la dizeli ndilo linalougua. Sisi tulikuwa tukibishana kuhusu pampu ya kituo cha mafuta, petroli au dizeli, na jibu lilikuwa huko nyuma kwenye bomba la moshi.

Kwa Toyota Aqua na haibridi nyingine, zile za petroli na umeme, sina mengi. Injini inazima na kuwaka mara nyingi njiani, inataka oili nyepesi ifike haraka, 0W-20, basi ipewe. Vivyo hivyo gari dogo jipya la petroli lenye tabo (turbo), ile inayosukuma hewa zaidi ndani ya injini: kipimo cha SP kiliwekwa kuzuia mchanganyiko usilipuke kabla ya wakati ndani ya silinda, na SL ya mtungi wa ndugu yangu haijui habari hizo.

Ugumu wetu ni kwamba vitabu vya magari haya vinakuja kwa Kijapani, na mwenye gari huvitumia kukalia ufukweni. Lakini kifuniko cha oili mara nyingi kina namba, na namba hazina lugha. Kinachonikera mimi zaidi ni pipa. Unafika, fundi anafungua koki, anajaza jagi, anamimina. Ukiuliza ni oili gani anakujibu "ni nzuri." Pipa halina nyuma ya kusoma. Hapo sijali kama ni ya lori au ya meli, naondoka.

Jumamosi iliyopita ndugu yangu alimwaga oili tena. Shemeji alikuwepo, akautazama ule mtungi wenye salio, akaniuliza kama siku hizi wanatengeneza za kwake kwa lita tano.