Mbolea ya Ruzuku Itafika Lini, Mahindi Yakikomaa?

Jamani wakulima wenzangu wa Trans Nzoia hapa Kenya, mvua humsubiri nani? Machi inaisha, shamba limelimwa na kupigwa haro, mbegu iko ndani ya nyumba, na mimi bado naikodolea simu macho nikingoja ujumbe wa vocha ya kuchukulia mbolea ya ruzuku! Ndiyo, mfuko wa kilo 50 kwa shilingi 2,500 ni nafuu kubwa. Mwaka 2022 madukani ulipita 6,000, nani amesahau? Lakini nafuu gani hii ya kupanga foleni tangu alfajiri, kisha unaambiwa DAP, mbolea ya kupandia, imeisha, chukua CAN? Nipandie mbolea ya kukuzia? Na nauli ya bodaboda kutoka ghalani nani analipa? Serikali, tumejisajili, chifu ametuandika, ekari zetu mnazijua. Leteni mbolea Januari!