Mchango wa harusi na mtu wa nafsi kwanza

Kijana wa Kampala akishamwamini Ayn Rand, mwandishi wa Marekani aliyefundisha kwamba mtu aishi kwa ajili ya nafsi yake, asijitoe mhanga kwa wengine, mtihani wake wa kwanza si serikali. Ni mkutano wa harusi: mwenyekiti ameshika daftari, majina yanaitwa, kila mmoja anataja ahadi yake mbele ya watu. Wapo wanaojibu kwa kukataa kila mchango, wakiamini hiyo ndiyo falsafa yenyewe. Wamesoma nusu. Katika insha ya 1963 kuhusu maadili ya wakati wa dharura, Rand alimtaja mume anayetumia mali nyingi kumtibu mke ampendaye, akasema huyo hajajitoa mhanga hata kidogo, kwa sababu uhai wa mke una thamani kwake kuliko chochote ambacho fedha zile zingenunua. Alichokikataa ni kuacha kikubwa kwa ajili ya kidogo.

Basi kazi ni kupima, na upimaji ufanyike nyumbani kabla daftari halijafika. Bwana harusi huyu ningemkopesha? Ningemwalika kwangu? Jibu likiwa hapana mara zote mbili, ahadi yako ni ada ya kuogopa macho ya watu, na ahadi za namna hiyo ndizo zinazobaki daftarini bila kulipwa hadi ndoa ina watoto.

Mahali ambapo falsafa hii inakaa vizuri kuliko wanavyodhani wapinzani wake ni chama cha sanduku, kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana. Watu 15 hadi 25 waliochaguana wenyewe. Sanduku la chuma lina kufuli tatu, funguo ziko kwa watu watatu, na anayelala na sanduku hana hata mmoja. Kila mkutano mtu hununua hisa 1 hadi 5, hukopa hadi mara tatu ya akiba yake, na mzunguko ukiisha, baada ya kama mwaka, fedha zote hugawanywa kwa hisa. Pembeni kuna mfuko wa jamii ambao wote huuchangia sawa, kwa msiba na ugonjwa. Hapo hakuna anayepiga magoti: mfiwa anachukua alichokiwekea. Vyama hivi huharibika kwa njia zinazojulikana. Funguo mbili zinaingia nyumba moja. Mikopo inatolewa hadi wiki za mwisho, kisha siku ya kugawana fedha ziko mtaani. Au wanachama wanaona aibu kugawana, wanaunganisha mizunguko, na hesabu inapotea.

Udhamini ni jambo jingine kabisa. Ukisaini fomu ya mkopo wa mwenzako kwenye SACCO, yaani chama cha ushirika cha akiba na mikopo, akiba yako inashikiliwa mpaka amalize, na akikimbia inakatwa. Usisaini kiasi ambacho usingempa mkononi leo. (Wanaojivunia kutomtegemea mtu ndio huwa wepesi kusaini wakisifiwa. Sijui kwa nini.)

NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, haiombi ruhusa: mfanyakazi hukatwa asilimia 5, mwajiri huongeza 10. Kupinga kulazimishwa hakukuzuii kuchukua chako siku ikifika, na Rand mwenyewe alitetea hoja hiyo.

Linalonisumbua ni karo. Dada mkubwa amekusomesha, na sasa mwanawe anaingia sekondari. Mkataba haukuwepo, nawe ulikuwa mtoto, hukusaini kitu. Wafuasi wengi hukimbilia hapo na kusema hakuna deni. Naona ni hila. Falsafa ileile inahesabu haki kuwa wema, yaani kumpa mtu anachostahili kwa alichofanya, na huyo dada alifanya. Lakini haki yake haimaanishi kwamba ukoo mzima una ufunguo wa mshahara wako. Chagua mtoto mmoja, taja kiasi na idadi ya mihula, mwaka una mitatu, na useme wazi mbele ya dada. Lipa benki kwenye akaunti ya shule, si kwa simu ya mjomba: fedha za simu zikitolewa hukatwa ada ya kampuni na kodi ya asilimia 0.5, na zilizobaki hukutana na shida nyingine njiani. Kama huwezi, sema mapema, muhula haujafunguliwa, ili mzazi apate muda wa kutafuta kwingine. “Nitaona” inamgharimu kuliko hapana.